Gundi ya nyuki: ya ziwani, ya Brazil au ya popla? Uliza mti kabla ya kuuliza bei

Mama mmoja mtu mzima wa Nyegezi, hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, mwimbaji wa kwaya, alifika kibandani kwangu wiki mbili zilizopita akiwa na chupa kwenye mkoba na kibonge kilichofungwa kwenye gazeti. Chupa aliletewa na binti yake, nayo imeandikwa kuwa ni propolisi, yaani gundi ya nyuki, ya kijani ya Brazil. Kibonge alipewa na jirani mwenye mizinga upande wa Magu. Kwa nje ni cheusi, ukikikata ndani kina wekundu wa kahawia, kinanata kidoleni na kunuka kama gome la mwembe lililochanjwa sasa hivi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka ya kusukutulia koo. Hebu niambie, ipi ina nguvu kuliko mwenzake?"

Swali hilo naulizwa karibu kila siku, na kila mara nalijibu kwa swali: imetoka kwenye mti gani? Wengi hushangaa. Si imetoka kwa nyuki?

Hapana, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Nta hutoka mwilini mwa nyuki mwenyewe. Asali hutoka kwenye maua na nyuki huibadilisha sana kabla haijawa asali. Lakini gundi ya nyuki, hiyo propolisi, sehemu yake kubwa ni utomvu wa mti, ule ambao mti unautoa kufunika jeraha au kulinda macho ya matawi machanga. Nyuki anaubeba, anauchanganya na nta na mate kidogo, anaupaka. Ukitaka kujua kilichomo, mtazame mti.

Kaa karibu na mlango wa mzinga mchana wa saa nane, jua likiwa limelainisha utomvu, utawaona. Nyuki wa gundi ni wachache ukilinganisha na wa maji au wa chavua. Anatua mzito, vikapu vya miguu ya nyuma vimejaa kitu kinachong'aa kama kioo cha kahawia, si unga mkavu kama chavua. Hawezi kujitua mzigo. Anaingia ndani anasimama, wenzake wanamng'ata-ng'ata ule mzigo na kuuvuta kwa taya, nyuzi kwa nyuzi, mpaka aishe kupakuliwa.

Kazi yake mzinga mzima unaijua. Mwaka fulani nilifungua mzinga wa gogo nikakuta mjusi amekufa sakafuni. Nyuki walimuua wakashindwa kumtoa, basi wakamfunika wote kwa gundi, kuanzia pua hadi mkia. Nilimshika mkononi: mkavu, mgumu, hana harufu ya uozo hata kidogo. Tangu siku hiyo nimeiheshimu gundi kuliko asali.

Vitabu vingi vinaandika mgawanyo ule ule: karibu asilimia 50 utomvu, 30 nta, 10 mafuta yanayonukia, 5 chavua na 5 vinginevyo. Ni makadirio mazuri, ila yanakwambia utomvu ni kiasi gani, hayakwambii ni utomvu wa nini. Kemikali zilizokwisha kutambuliwa kwenye gundi za dunia nzima zinazidi 300, na hakuna bonge lenye zote. Mabonge mawili yanaweza kulingana asilimia kwa asilimia katika mgawanyo huo, na bado yasiwe na kemikali kubwa hata moja ya kufanana. Jina ni moja, vitu ni viwili.

Ya popla: ile inayosemwa vitabuni

Ukisoma popote kwamba "propolisi ina flavonoidi" (kundi la kemikali za mimea), aghalabu anayezungumziwa ni mti mmoja: popla, hasa Populus nigra, unaoota Ulaya na nchi nyingine za baridi. Nyuki wa huko hukwangua macho ya matawi yake. Gundi yake, ya Ulaya, Marekani na sehemu kubwa ya China, ina flavonoidi za pinosembrini, krisini na galangini, pamoja na kemikali nyingine ziitwazo esta za asidi ya kafeiki. Mojawapo ya esta hizo, ile inayofupishwa CAPE, ilitengwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1988, wakaona inadhuru seli za saratani kuliko seli za kawaida. Zilikuwa seli ndani ya vyombo vya maabara, si wagonjwa. Tofauti hiyo ni kubwa sana, na inaniuma ninapoona bango mtaani likisema gundi inatibu saratani.

Uzuri wa gundi ya popla ni kwamba imechunguzwa kuliko nyingine zote. Ukipata chupa ya mtengenezaji makini, kiasi cha flavonoidi kimeandikwa na chupa ya mwezi huu haitofautiani sana na ya mwezi uliopita. Ubaya wake ni miwili. Kwanza, esta hizo hizo za asidi ya kafeiki ndizo zinazowawasha na kuwatoa vipele watu wenye mzio wa gundi. Pili, udanganyifu. Kuna wanaochemsha macho na magome ya popla wenyewe, nyuki hajaonekana, wakauza kama propolisi. Wakemia wamepata njia ya kuwakamata: popla ina kemikali iitwayo salisini, na nyuki ana kimeng'enya kinachoivunja wakati anaposhughulikia utomvu. Salisini ikikutwa kwenye "propolisi", huo ni mti uliochemshwa.

Kwa sisi wa ziwani jambo la kukumbuka ni hili: popla si mti wa kwetu. Muuzaji wa hapa Mwanza anayekuonyesha bonge la Sengerema huku akikusomea sifa za krisini na galangini anakusomea cheti cha mtoto wa mwingine.

Ya kijani na nyekundu za Brazil: nyuki wetu, mti wao

Hii ndiyo hadithi ninayoipenda, maana inamaliza ubishi. Mwaka 1956 mwanasayansi wa Brazil, Warwick Kerr, alipeleka kwao malkia wa nyuki wa Kiafrika kutoka Afrika Kusini na Tanganyika. Mwaka uliofuata makundi kadhaa yakatoroka, yakazaana na nyuki wa Kizungu waliokuwepo, yakatapakaa Amerika ya Kusini. Kwa hiyo nyuki wanaotengeneza gundi ya kijani jimboni Minas Gerais wana damu ya nyuki hawa hawa wanaotuuma Magu na Misungwi.

Sasa tazama. Kule wanakwangua na kutafuna ncha changa za kichaka kinachoitwa Baccharis dracunculifolia, na ukijani unatokana na majani yenyewe. Ndani yake kemikali kubwa ni artepilini C, ambayo gundi ya popla haina. Ndugu zao wa ziwani hawatoi kitu kama hicho, kwa sababu kichaka hicho hakipo hapa. Nyuki ni ndugu, mti ni mwingine, dawa ni nyingine.

Mfano wa nyekundu unakazia hilo hilo. Hutoka kwenye mikoko ya Alagoas, pwani ya Brazil, ambako nyuki hufyonza utomvu mwekundu wa Dalbergia ecastophyllum, mti wa jamii moja na mpingo wetu. Ina kemikali za isoflavonoidi kama vestitoli na formononetini. Kwa miaka watu waliamini mti ni huo mmoja, kisha ikagundulika kuwa kemikali nyingine zilizomo, ziitwazo benzofenoni, zinatoka kwenye mti wa pili, Symphonia globulifera. Naomba mtu asichukue habari ya mpingo akaanza kuuza "gundi nyekundu ya mpingo": ujamaa wa miti haufanyi utomvu uwe sawa. Wekundu wenyewe si ushahidi pia. Kibonge cha yule mama kilikuwa na wekundu, na Alagoas hakijawahi kuisikia.

Kijani ina sifa ya kutulia: chanzo chake ni kimoja, kinajulikana, na kiasi cha artepilini C hupimwa. Ni ghali ikifika hapa, nami sioni sababu ya kuilipia kama shida ni kupaka mkwaruzo. Nyekundu ni ghali zaidi, na sijaona matumizi ya nyumbani yanayoidai.

Ya kwetu

Gundi za Afrika ya tropiki hazina sura moja. Nyingi zilizochunguzwa, Cameroon na Ethiopia kwa mfano, zimejaa triterpeni kama amirini na lupeoli, kemikali za ulimbo na magome, huku flavonoidi zikiwa chache. Kenya imetoa jambo la kipekee: uchunguzi uliochapishwa 2010 ulikuta kemikali ziitwazo stilbeni, ambazo chanzo chake ni Macaranga schweinfurthii, mti wa misitu ya maji-maji, pamoja na lignani. Zote hizo ni tofauti kabisa na popla.

Hapa mwambao, ukitoka mjini kuelekea Kisesa na Magu, mti unaojaza viwanja ni mwembe. Utomvu wa mwembe umekwisha kutambuliwa kama chanzo cha gundi katika nchi za Asia, Thailand na Indonesia, na alama yake ni kemikali za alkilresosinoli, zikiwemo kardoli, pamoja na triterpeni. Kardoli ni jamaa wa kile kinachounguza mikono ya wabangua korosho. Ukiona mtu anavimba midomo kwa maganda ya embe, hizo ndizo jamii za kemikali zinazomsumbua. Shika hapo, nitaparudia.

Gundi ya misitu ya miombo, ile inayokuja na asali ya Tabora na Bukombe, kwa mkono wangu ni kavu zaidi, huvunjika kwa sauti ikipoa, na harufu yake inakaribia ubani. Siwezi kuipa jina la mti mmoja. Msitu una miti mingi na nyuki huchagua miwili mitatu anayoipenda mahali alipo. Ndiyo maana namuuliza mrinaji: mizinga ilitundikwa wapi, kuna nini ndani ya mwendo wa kilomita moja au mbili? Mrinaji mzuri anajibu papo hapo. Asiyejua, huenda gundi si yake.

Watu wengine huulizia gundi ya nyuki wadogo wasiouma. Hao ni mabingwa wa utomvu, lakini huuchanganya na nta kwa wingi kujengea nyumba yao yote, na wako wanaotia hata udongo. Ukiichukua unawabomolea ukuta, siafu na sisimizi wanaingia. Mimi siiuzi. Chukua asali yao kidogo, nyumba waachie.

Faida ya gundi ya hapa ni kwamba unaweza kwenda kuuona mzinga. Hakuna chupa ya nje inayokupa hilo. Hasara yake ni kwamba hakuna namba: bonge la Machi si bonge la Septemba.

Namna ilivyovunwa ni nusu ya ubora

Bonge la kukwangua kwa kisu kwenye fremu na kingo za mzinga lina nta nyingi, vijiti, miguu ya nyuki na wakati mwingine kitu kibaya zaidi. Nyuki akikosa utomvu hubeba chochote kinachonata, hata lami na rangi ya mafuta isiyokauka. Mimi mwenyewe niliwahi kupaka mizinga yangu sita rangi ya mafuta hadi kwenye midomo ya ndani, na msimu huo kila nilichokwangua kilikuwa na vipele vya bluu. Rangi inaweza kuwa na madini ya risasi, na alkoholi haiichuji risasi kwa uhakika. Nilifukia zote shimoni, na sasa ndani ya mzinga hakuingii rangi kabisa.

Wavu ni bora. Unaweka wavu mgumu wa plastiki wenye matundu ya milimita 2 hadi 4 chini ya kifuniko, ukiacha mwanga upenye kidogo. Nyuki hawapendi ufa, wanauziba kwa gundi tupu. Ukijaa unauweka kwenye jokofu usiku mmoja: chini ya nyuzi 15 gundi inakuwa kavu kama biskuti, unaukunja wavu na inadondoka yenyewe. Wavu wa aina hiyo unapatikana Makoroboi kwenye maduka ya vifaa. Usikate wavu wa dagaa kwa kubana matumizi. Matundu ya milimita 8 nyuki huyaona ni njia ya kupita, hayazibi, na nyuzi zake hubaki ndani ya gundi.

Kuipambanua gundi halisi nyumbani hakuhitaji maabara. Chukua kipande ukitie kwenye maji ya moto: nta inaelea, utomvu unazama. Hicho ulichonunua kikielea chote, umenunua nta chafu kwa bei ya gundi. Kwa chupa, dondosha matone matatu kwenye glasi ya maji safi. Gundi halisi iliyoyeyushwa kwa alkoholi hugeuza maji kuwa meupe kama tui, kwa sababu utomvu hauyeyuki ndani ya maji na unajitenga hapo hapo. Maji yakibaki angavu yenye rangi ya chai tu, ama ni ya kuyeyushia kwa maji, ama ni sukari ya kuunguza.

Kiyeyushi nacho ni uamuzi. Alkoholi ya chakula ya asilimia 70 hivi ndiyo inayotoa utomvu mwingi na kuacha nta. Maji hutoa sehemu ndogo, ila kwa asiyetumia kilevi kwa imani yake, au kwa mtoto, ndiyo njia, pamoja na zile zilizotengenezwa kwa gliserini. Lakini nawasihi, kwa jina la wazazi wenu: msilowekee gundi kwenye gongo wala spiriti ya kuwashia taa. Zinaweza kuwa na methanoli, na methanoli hupofusha na kuua. Hakuna gundi duniani inayoifuta.

Basi uchukue ipi?

Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilikataa madai ya afya yaliyoletwa juu ya propolisi. Sababu haikuwa kwamba wameithibitisha kuwa haifai. Walisema kitu chenyewe hakikuelezwa vya kutosha: propolisi ipi, yenye nini ndani? Mkemia wa Bulgaria, Vassya Bankova, amekuwa akisisitiza hilo hilo katika maandishi yake, kwamba matokeo ya gundi yasitajwe bila kutaja aina ya kikemia. Nami nasimama hapo.

Kama unataka kitu kilichoandikwa vipimo, labda kwa sababu unatumia kila siku au daktari wako anataka kujua unameza nini, chukua ya popla au ya kijani, yenye jina la mmea na kiasi kwenye lebo. Chupa ya nje isiyotaja mmea haina faida yoyote juu ya bonge la jirani yako. Kama unataka ya kupaka kwenye mkwaruzo, ya kuzibia mizinga mipya ili nyuki waipende, au ya kutengeneza sabuni, ya hapa ya wavu inatosha na pesa inabaki kwetu. Kwa kusukutua, yoyote safi, lakini mti ujulikane. Mwenye pumu, mwenye mzio wa mazao ya nyuki na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aongee na daktari kwanza. Koo linalouma zaidi ya siku chache, au lenye homa, lipelekwe hospitali.

Na kila mtu, gundi yoyote, aanze na tone moja kwenye ngozi ya ndani ya mkono, asubiri hadi kesho yake na kesho kutwa.

Yule mama nilimweleza haya kwa kifupi, nikashika kibonge chake nikamwambia kinanuka mwembe, na jirani yake wa Magu bila shaka amezungukwa na miembe.

Akakiweka mezani taratibu. "Mwanangu, mimi embe dodo nalipenda, lakini lazima nimenyewe na mtu. Utomvu ukinigusa midomo, siku tatu siwezi kuimba."

Nilikuwa na gundi ya Magu kwenye rafu, ya wavu, safi, ningeweza kumuuzia robo kilo. Badala yake nikamwambia aitoe mkobani chupa ya binti yake, tukaisoma lebo pamoja: Baccharis dracunculifolia imeandikwa, imeyeyushwa kwa alkoholi. Tukadondosha matone kwenye glasi, maji yakawa tui. Nikamdondoshea tone moja kwenye ngozi ya ndani ya mkono karibu na kifundo, nikamwambia asilioshe hadi jioni.

Kibonge aliniachia. Nimekitia kwenye mzinga mpya, pembeni mwa mlango, na juzi nimekuta nyuki wamekwisha kukimega nusu.